Ukoo wa Mzee Fumo: Jumamosi ya Ami

Rehema: Assalam aleikum. Jumamosi nyumbani Tiwi tunampongeza Ami Profesa, tuzo ya mchango wake wa maisha katika uchumi wa kazi. Mia tano kila mtu mzima. Wamelipa watatu. WATATU!

Juma: Waaleikum salaam. Pilau ya mbuzi au ng'ombe?

Rehema: Lipa kwanza.

Hassan: Uchumi wa kazi ndio upi? Mimi kazi ninayo, uchumi sina 😂

Swaleh: Ni elimu ya ajira na mishahara. Taasisi ya utafiti wa ajira, IZA, kule Bonn Ujerumani, ilipoanza kutoa tuzo ya fani hii mwaka 2002, wa kwanza alikuwa Jacob Mincer, aliyeonyesha kwa hesabu jinsi kila mwaka wa shule unavyopandisha mshahara. 2014 akapewa Gary Fields, bingwa wa habari za watu wanaochapa kazi na bado ni maskini. Euro 50,000.

Hassan: Na Ami?

Rehema: Cheti na ngao. Swaleh, wewe utasoma wasifu. Usisahau mambo ya Nairobi.

Swaleh: Wale wachumi Harris na Todaro, 1970. Ukiongeza kazi mjini, wanaozifuata wanaweza kuzidi kazi zenyewe, wasio na ajira wakaongezeka.

Juma: Ndiyo maana pale Pangani ya Nairobi tulilala sebuleni kama dagaa. Kaajiriwa Ami mmoja, tukapanda basi sote 😂😂

Shangazi Salma: Huyo Mincer wenu na miaka yake ya shule. Mimi nilitolewa darasa la tano ili Profesa aende sekondari. Yangu kaihesabu nani?

Juma: _Ujumbe huu umefutwa_

Rehema: Shangazi, hayo tuyazungumze pembeni tafadhali.

Shangazi Salma: Pembeni mpaka lini?

Mwanaidi: Bibi yuko hapa, anasema niandike vile vile: "Minazi niliiuza mimi. Salma nilimtoa shule mimi. Jumamosi atakaa kando ya kaka yake, na jina lake lisomwe. Lisiposomwa, mimi sitoki chumbani."

Swaleh: Nimesikia Bibi. Naandika upya.

Hassan: Nimetuma 500.

Rehema: Ahsante. Shangazi Salma, nikuhesabu?

Rehema: Shangazi? Naona umesoma.

Juma: Gari Likoni linatoka saa ngapi?

Rehema: Saa mbili, likipatikana. Mpishi anataka idadi leo jioni jamani, na bado ni wanne tu.

Mwinyi Maskati: Nilikuwa zamu, ndiyo naamka. Tuzo gani tena?