Babu kapigana Burma na Keya, leo naambiwa "hayupo kwenye mfumo". Nimechoka kuzungushwa!

Wakuu, miezi saba nimekaa kimya ila leo naongea. Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya (King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza la askari Waafrika) kwenye Vita Kuu ya Pili, batalioni ya 36 ya Tanganyika, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale waliopita bonde la Kabaw huko Burma (leo Myanmar) mwaka 1944 kwenye matope na malaria mpaka wakaingia mji wa Kalewa mwezi Desemba. Kitabu chake cha jeshi tunacho ila mchwa wamekula kona ya juu, jina limebaki nusu na namba zimebaki tarakimu tatu za mwisho.

Nikaenda ofisi moja ya nyaraka. Mara njoo Alhamisi, Alhamisi mhusika yuko semina, wiki ya pili dada wa kaunta kachapa jina mara moja tu akasema hayupo kwenye mfumo. Nikamwambia dada yangu, hawa wazee waliandikwa na mzungu kwa alivyosikia yeye, jaribu R badala ya L, hata macho hakuinua, eti andika barua. Nimeandika tatu. Ya pili wanasema hawaioni, na nakala yangu ina mhuri wao mwekundu wa kupokelewa!!

Nikageukia Uingereza. Shajara za vita za vikosi zipo kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa lao, Kew, London, nikamlipa mtu anipigie picha kurasa. Nilisoma nikalia. Ofisa wa kizungu akijeruhiwa anaandikwa jina na cheo, askari wetu wakifa wanahesabiwa tu, wawili, watano, basi. Hao nao walikuwa baba za watu jamani. Na kwenye orodha za makaburi ya vita wamo waliokufa, babu alirudi mzima kwa hiyo nako hayumo.

Mtasema angalia nishani. Nyota yake ya Burma ninayo hapa mkononi, mbele ina taji na herufi za mfalme, ukigeuza nyuma ni tupu, Waingereza hawakuchonga jina.

Sidai fidia, sidai hata senti. Nataka namba yake kamili na siku aliyoandikishwa. Shangazi yangu mkubwa kazaliwa 1946, babu ndo katoka vitani, kila Ijumaa ananipigia, "mwanangu, wameliona jina la baba?" Sina cha kumjibu.

Aliyewahi kupata faili la mzee wake aseme alipita mlango gani, maana Jumatatu narudi pale kaunta na nakala yangu yenye mhuri.