Kikundi cha ukoo: Babu abariki harusi?

*Frank:* Shikamooni wakubwa. Sikilizeni hii voisi mpaka mwisho. Ni Babu anambariki Neema. Nataka MC aiachie ukumbini kabla ya keki. Neema hayumo humu, iwe sapraizi 🎂

*Mama Mdogo Nkuhungu:* Yesu wangu! Mlenda wote umemwagikia jikoni. Frank, ungetupa taarifa kwanza!!

*Baba Mkubwa Chamwino:* Marehemu amerekodiwa lini maneno haya?

*Frank:* Hakurekodiwa, Baba Mkubwa. Nimeipa akili unde voisi zake za zamani, imeiga sauti. Vitu tulivyokuwa tunaona kwenye filamu sasa viko kiganjani.

*Joy wa UDOM:* Kikohozi chenyewe kabisa. Ila Babu akishakohoa alikuwa anatulia, anapapasa fimbo yake, ndipo anasema. Huyu anakohoa na kuendelea kama ana basi la kuwahi 😂

*Mjomba Kizota:* Mimi sicheki. Mwezi uliopita kuna jirani alipigiwa simu na "mwanawe", kilio kitupu, amekamatwa, hela itumwe kwa namba hii. Akatuma. Mtoto alikuwa chumba cha pili amelala. Leo tunafundishana mchezo huohuo kwenye ukoo?

*Frank:* Mjomba, yule ni tapeli. Mimi simwibii mtu. Mwandishi wa Marekani, Isaac Asimov, tangu 1942 aliweka sheria ya roboti kwenye hadithi zake: asimdhuru binadamu, wala asiache adhurike. Hapa nani kadhurika?

*Mama Mdogo Nkuhungu:* Mlenda wangu.

*Shangazi Mwalimu:* Frank mwanangu, una moyo mzuri, hilo sibishi. Lakini hizi hadithi si za Marekani tu. Said Ahmed Mohamed ana riwaya ya 2001, Babu Alipofufuka, tumeisoma sana. Babu wa mle anarudi kumsumbua mjukuu wake mwenye cheo serikalini aliyejisahau. Babu wako wewe karudi kusifia kamati, na kutaja kwamba Frank amesimama kidete. Mzee yule alikusifia lini?

*Joy wa UDOM:* 🤣🤣 Nimeisikia hiyo sehemu nikanyamaza

*Baba Mkubwa Chamwino:* Na mbona Kiswahili? Baba yangu hakuwahi kubariki mtoto kwa Kiswahili. Alianza "Mbukwenyi", watu wakaitikia, ndipo akaendelea kwa Kigogo mpaka mwisho. Huyu ni mtangazaji wa taarifa ya habari.

*Frank:* Nilijaribu Kigogo, ikatoka ovyo. Haijakisikia cha kutosha.

*Joy wa UDOM:* Ndiyo. Inajifunza kwa rekodi nyingi mno, na Kigogo kilichorekodiwa ni kidogo. Halafu wakubwa, tutenganishe vitu viwili. Sauti imetoka kwa Babu. Maneno umeyaandika wewe Frank, si ndiyo?

*Frank:* Nimeandika, ila ni vile angesema.

*Baba Mkubwa Chamwino:* Basi aliyembariki Neema ni Frank. Baraka ya kijana asiyeoa 😀

*Mjomba Kizota:* Kwa walio hai kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ila kwetu hatuanzii kwenye sheria, tunaanzia kwa mjane. Bibi ameulizwa?

*Frank:* Bado

*Shangazi Mwalimu:* Eeh.

*Mama Mdogo Nkuhungu:* Niko naye hapa. Nimwekee asikie? Au ni dhambi?

*Baba Mkubwa Chamwino:* Mweleze kwanza kwamba ni mashine. Kwanza, narudia. Usimshtue.

*Mama Mdogo Nkuhungu:* Nimemweleza. Kasikiliza mara mbili. Anasema sauti ni yake. Anasema kama kweli anaongea, aseme hati ya shamba la zabibu aliiweka wapi, tumepekua sanduku lote.

*Joy wa UDOM:* 😭😭😭

*Mjomba Kizota:* Jibu hilo, Frank.

*Frank:* Haijui. Inasema ninachoandika mimi.

*Mama Mdogo Nkuhungu:* Anasema basi isipigwe kwa watu. Ila usiifute, umtumie kwenye simu yake ndogo.

*Frank:* Simu yake ni ya batani, haipokei voisi.

*Shangazi Mwalimu:* Ya harusini iachwe. Baba Mkubwa atabariki kwa Kigogo, tuitikie wenyewe. Hiyo ya Bibi, Frank, uende Jumapili na simu yako, umkalie hapo mpaka atakapochoka kuisikiliza.

*Baba Mkubwa Chamwino:* Sawa. Na mchango wa Frank haujaingia, mweka hazina anauliza.