Naomba ushauri: Amboni na Tongoni kwa Jumamosi moja, inawezekana?

Habari za jioni wakuu. Tuko marafiki watano, tunatoka Moshi. Tutashuka Tanga Ijumaa usiku, na basi la kurudi ni Jumapili asubuhi. Najua, waja leo waondoka leo, ila ruhusa ya kazini ndiyo hiyo.

Tunataka Mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni. Shida ni kwamba Amboni iko njia ya kwenda Mombasa, kama kilomita 8 kutoka mjini, na Tongoni iko barabara ya Pangani, kilomita 17 hivi. Nimempigia dereva mmoja wa Noah, kataka laki moja na nusu kwa siku nzima. Nimeguna tu. Halafu mwenzetu mmoja ana goti bovu, hata kufunga kamba za viatu anashikilia ukuta, na nasikia mle pangoni kuna sehemu za kuinama mpaka kutambaa.

Wenyeji, hiyo Jumamosi inatosha kwa bajaji mbili au daladala, bila kukimbizana? Na huyu wa goti anaweza kuingia akaishia njiani, au tumwache Raskazone, kule ufukweni mjini Tanga? Mwenyewe anasema akiwekewa pweza wa kuchoma hana neno.