Timberborn: nimeinua nyumba juu ya platifomu lakini biva hawapandi

mjenzi_wa_dunga
Wasee habari zenu. Nacheza Timberborn, ile gemu ya kujenga mji wa biva (wanyama wanaojenga mabwawa), kundi langu la biva ni Folktails, ramani ni tambarare na mto unapita katikati. Ardhi ya kijani kando ya mto imeisha, karoti na nyumba zinang'ang'ania nafasi moja, na nikifunga bwawa niweke maji ya kiangazi yanapanda mpaka mlangoni. Huku Dunga, Kisumu, tuliona 2020 vile Ziwa Victoria lilipanda likaingia kwa watu, kwa hivyo hii mambo ya maji naichukulia kwa uzito hata kwa gemu. Sasa nimejenga ngazi na platifomu, nikapanga nyumba mbili juu, lakini hakuna mtu anazigusa, magogo yako stoo tele na wajenzi wanazurura tu. Halafu nikisimamisha platifomu ndani ya mto maji yatapita ama yatafungika?

section58_nax
Boss shida ni njia. Chini kwa udongo biva hukatiza popote lakini platifomu pekee haimbebi, lazima uchore njia juu yake kama vile umechora chini. Fuata hivi: mlango wa nyumba uguse njia, hiyo njia iguse kichwa cha ngazi, na mguu wa ngazi uguse njia inayofika makao makuu ya wilaya, kipande kimoja kikikosa hapo katikati nyumba itakaa hivyo hivyo hadi ukame ukupate. Zungusha kamera uangalie mlango umeelekea wapi, mara nyingi umegeukia hewani. Na kama umepanga ghorofa mbili kwa mpigo, ya juu haiguswi kabla ya chini kuisha, kwa hivyo pandisha kipaumbele cha ngazi na platifomu za chini kwanza.

nzoia_gemu
Swali lako la pili, maji yanapita chini ya platifomu bila shida yoyote. Kitu inazuia maji ni levi, yaani tuta la kuzuia maji, na watu wengi huchanganya hizi mbili. Platifomu inakutoa kwa maji, levi inakutolea maji. Mimi natumia zote: levi pande mbili za mto, geti la maji mahali nataka kupunguza, halafu nyumba juu ya platifomu nyuma ya levi. Pia levi juu yake unachora njia fresh kabisa, na hapo ndipo barabara yangu kuu inapita, vile watu wa Budalang'i huhamia juu ya kingo za mto Nzoia maji yakijaa bondeni.

mjenzi_wa_dunga
Asanteni sana, mlango ulikuwa umegeuka kweli na njia ilikatikia kwa ngazi, saa hii wanapanda. Nifikirie kuinua na pampu basi, isizame bwawa likijaa?

nzoia_gemu
Pampu enda nayo polepole. Ile ndogo bomba lake ni fupi, ukiipandisha sana maji yakishuka wakati wa kiangazi inabaki inavuta hewa na biva wanaumwa na kiu ukiona mto uko pale. Pima kina cha maji ya kiangazi kwanza.

section58_nax
Naongezea, usiinue kila kitu. Magogo yataisha na platifomu za kimo cha ghorofa mbili na tatu zinataka pointi za sayansi ndio zifunguke, kwa hivyo weka jengo la mvumbuzi, ndilo linatoa hizo pointi, mapema na upande miti mingi kuliko unavyodhani inatosha. Mazao na miti vinataka udongo wenye unyevu, hizo ndizo ziachie ardhi ya kijani yote. Maghala na nyumba hazijali ziko wapi. Na kuna majengo yana paa bapa unajengea juu yake moja kwa moja, ghala chini nyumba juu, hapo umeokoa platifomu nzima. Ukimaliza tuma picha tuone huo mji, na useme kama ulifunga bwawa upande wa chini ama wa juu wa mashamba.