Wanapima moshi asubuhi moja tena kwa taarifa, usiku tunavuta sumu

Wakuu, nimevumilia vya kutosha.

Huku kwetu Temeke kuna kichomea taka za hospitali kimepakana kabisa na makazi. Juzi wapimaji wamekuja, saa nne asubuhi, tena baada ya kutoa taarifa mapema. Wakaweka kifaa chao upande wa kusini, adhuhuri hawapo. Jamani, huu ni msimu wa kusi, upepo unatoka kusini! Moshi wote unasukumwa kaskazini, kwenye nyumba zetu. Huko kusini mmepima nini? Majibu tumeletewa kwa mdomo na mwenyekiti wa mtaa, eti hali ni shwari. Karatasi hatujaiona.

Uchomaji wenyewe unafanyika usiku. Moshi mweusi, mzito, harufu ya plastiki inakaba koo, na nguo zilizolala kwenye kamba zinaamka na masizi. Moshi wa namna hiyo maana yake moto hautoshi. Taka hizi zinatakiwa nyuzi joto 850 kwenda juu, na moshi ukae kwenye joto hilo angalau sekunde 2. Plastiki zenye klorini zikiungua kwa moto hafifu zinazalisha dioksini, sumu inayosababisha saratani.

Majivu ndiyo yananiuma zaidi. Yanamwagwa kwenye shimo la wazi nyuma ya ukuta. Nimeona humo sindano na mipira ya dripu iliyoungua nusu, na kuku wa majirani wanachakura humo humo. Dioksini inajikusanya kwenye mafuta ya mnyama, kwa hiyo kuku akidonoa udongo wenye sumu inahamia kwenye yai. Mayai hayo wanakula watoto wetu! Kuna mtu amechukua hata yai moja kulipeleka maabara? Hakuna.

Na sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Mwaka huo huo nchi iliridhia Mkataba wa Stockholm unaozihusu hizi hizi dioksini.

Tunataka waje usiku bila taarifa, wapime kwenye bomba lenyewe na kule moshi unakoelekea, wachukue udongo na mayai, majibu yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kila mtu asome. Shimo lifukiwe kitaalamu, na leo siyo kesho.

Tunakusanya saini za wakazi. Mwanasheria yeyote humu anayejua malalamiko ya mazingira yanaanzia wapi, naomba atuelekeze.