Mwanangu ana usonji, wanataka kumpima umeme wa ubongo. Nikubali?

Mama Swaib, Busia (Uganda)
Salaam wanajukwaa. Kijana wangu ana miaka 6, ana usonji, maneno yake bado ya kuhesabu. Kuna watafiti Kampala wanatafuta watoto kama yeye wawavalishe kofia yenye waya, wasome umeme wa ubongo wakati mtoto anatazama picha za nyuso. Nauli juu yao. Baba yake hataki, anasema mtoto atapigwa shoti. Mama mkwe kashasema ni mambo ya Frimasoni. Mimi nauliza: nitajua kwa nini haongei? Halafu kuna jingine. Siku hizi anaganda. Kijiko kiko mkononi, macho kayatoa, namwita wee, hasikii. Kisha anaendelea kula kama hakuna lililotokea.

Fundi wa EEG
Dada, shoti haipo. Mashine ya EEG, yaani hicho kipimo cha umeme wa ubongo, inapokea tu, kama kipimajoto kisivyomtia mtu homa. Umeme wenyewe ni wa ubongo, hafifu mno, unahesabiwa kwa sehemu za milioni za volti. Mjerumani Hans Berger aliunasa kwa binadamu mwaka 1924, na mpaka leo kazi ni ileile.

Kuongea? Hapana, hutajua. Usonji hautambuliwi kwa EEG. Unatambuliwa kwa kumwangalia mtoto anavyocheza na kuwasiliana, na kwa maelezo yenu wazazi. Watafiti wanalinganisha makundi. Kuna wimbi liitwalo N170, hutokea kama sekunde 0.17 baada ya mtu kuona uso. Tafiti kadhaa zimekuta kwamba kwa wenye usonji linachelewa, lakini kwa sehemu za elfu za sekunde, tena kwa wastani wa kundi zima. Huwezi kulitumia kumsoma Swaib peke yake. Ukikubali, kubali kwa kuwa unachangia elimu.

Kilichonishtua ni kijiko. Kifafa huwapata wenye usonji zaidi kuliko watu wengine, na si lazima mtu aanguke atoe povu. Huenda kazama tu kwenye mawazo yake, huenda ni kifafa. Akiganda mrekodi kwa simu, mguse bega uone kama anashtuka, video umpelekee daktari wa watoto. Akiagiza EEG ya hospitali, hiyo inasomwa kwa ajili ya mwanao. Na ikitoka safi msishangilie mapema: kipimo cha nusu saa kinaweza kulikosa tukio.

Kijana wa Malaba
Ngoja tu, baada ya kofia utauziwa "tiba ya mawimbi".

Fundi wa EEG
Huyo ana hoja. Utafiti halali haukuombi hata shilingi. Waambie wakuonyeshe kibali cha kamati ya maadili na cha UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia la Uganda. Na unaweza kujitoa siku yoyote bila kueleza sababu.

Baba Rehema, Arua
Wa kwangu hata kinyozi hamtaki kichwani. Hiyo kofia ataivaa vipi?

Mama Nuru
Wangu alikuwa hivyohivyo. Tulianza nyumbani na kofia ya sufu, akiwa kwenye katuni, kidogo kidogo. Alipozoea nikawa namgusisha mafuta ya mgando baridi nyuma ya sikio, maana ile jeli wanayopaka kichwani chini ya waya ndiyo inayowakera kuliko waya wenyewe. Mabutu nilimfumua yote, elektrodi, kile kidude cha mwisho wa waya kinachogusa kichwa, haishiki juu ya msuko. Siku yenyewe niliomba feni izimwe, wakazima.

Mama Swaib
Baba yake nimemsomea la kipimajoto, kacheka. Video nimeipata leo kwenye chai ya asubuhi. Daktari kwanza, watafiti watasubiri. Fundi, siku ya EEG ya hospitali aende kalala au hajalala?

Fundi wa EEG
Wengi huambiwa mtoto alale kidogo usiku wa kuamkia kipimo, ili asinzie kwenye kipimo. Fuata watakavyokupangia. Nywele zioshwe, zisipakwe mafuta. Kama kuna dawa anatumia, usiisimamishe mpaka daktari aseme.