Kampuni ya mtandao ijue tunachoshusha, au isijue? Tujadili

Mtu wa Kikwajuni: Wadau, salamu. Mie hushusha mafaili mazito usiku, bando la usiku likishaingia. Jamaa kaniambia ukipitia njia iliyosimbwa, yaani data zimegeuzwa mafumbo, kampuni ya mtandao haioni unachoshusha. Mwengine akadakia, kujificha hivyo ni kosa. Mtu ana haki ya kujificha au hana?

Fundi Mkunazini: Tenganisha mambo. Tovuti yenye https, kampuni haisomi kilichomo. Inaona jina la tovuti, saa uliyoingia na ukubwa wa mzigo, basi. Ukitia VPN, programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva ya mwengine kwa mafumbo, hata jina halionekani, wanaona seva moja tu na GB zinakwenda. Torenti, yaani kushusha faili vipande vipande kutoka kwa watumiaji wenzako, ndiyo inayowaponza wengi. Ukiwasha kusimba, kampuni itapata tabu kujua ni nini, lakini wale mnaogawana nao faili wanaiona kweupe anwani yako ya IP, ile namba ya mtandao wako.

Maalim wa Bububu: Mie sina ninachoficha. Wanaokesha na mavipienu hayo ni hao wa Darajani wanaowajazia watu filamu za wizi kwenye flashi.

Duka la Flashi: Maalim, umri wako nauheshimu, lakini hapo umenichokoza. Kwanza mie siko Darajani, niko Mwanakwerekwe. Pili, mawaidha ya Ramadhani nzima kwenye memori moja wewe ulijaziwa na nani? Na malaika?

Maalim wa Bububu: Mawaidha mwenyewe sheikh anataka yaenee. Usichanganye.

Binti Wete: Jamani, filamu zimetoka wapi tena? Lile tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, la kusajili VPN mmelisahau? 2022 ile, kama si 2023.

Fundi Mkunazini: Oktoba 2023, na mwisho wa kujisajili ulikuwa tarehe 30. Walishika zile kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020. Na 2020 hiyohiyo, siku za uchaguzi, WhatsApp ilipogoma hata bibi yangu aliijua VPN.

Duka la Flashi: Hayo baadaye. Mie nimeitwa mwizi hapa.

Kijana wa Chake: Sasa si ujibu? Zanzibar tuna sheria yetu ya hakimiliki ya 2003, na COSOZA, wasimamizi wa hakimiliki, ipo. Kibali chako kiko wapi?

Duka la Flashi: Wewe wa Chake, CD halali umenunua lini mara ya mwisho? Tena ya nani?

Kijana wa Chake: Mie sifanyi biashara kwa jasho la msanii.

Duka la Flashi: Unaangalia bure, sio? Afadhali mie nimelipia bando.

Binti Wete: Narudi kwenye mada, japo najua sisikilizwi. Hizo VPN za bure mnadhani nani anazilipia? Facebook iliinunua Onavo, kampuni yenye VPN ya bure, 2013. Watu wakaiweka kwenye simu wakidhani kinga, kumbe mwenyewe anatazama wanatumia programu gani. Mpaka 2019 ndiyo ikafungwa. Umemkwepa bawabu, ukampa ufunguo mpita njia.

Mtu wa Kikwajuni: Kwa hiyo niweke au nisiweke?

Maalim wa Bububu: Laini yenyewe umeisajili kwa alama za vidole. Unamkimbia nani?

Fundi Mkunazini: Maalim, kujua laini ni yangu ni jambo moja. Kujua saa nane ya usiku nimeingia tovuti ya maradhi gani ni jengine, hata kama ukurasa wenyewe hawausomi.

Maalim wa Bububu: Maradhi nenda Mnazi Mmoja.

Fundi Mkunazini: Haya, nimenyamaza.

Binti Wete: Usinyamaze, ndivyo anavyoshinda kila siku. Maalim, simu yako ina namba ya siri au haina?

Maalim wa Bububu: Ile ni kwa sababu ya watoto.

Binti Wete: Aaa. Kumbe wapo usiotaka waone.

Maalim wa Bububu: Bibie, adabu.

Mtu wa Kikwajuni: Na VPN inakula bando? Hilo tu nijibiwe.

Fundi Mkunazini: Inaongeza kidogo juu ya ulichoshusha. Kinachokumaliza ni mafaili yako, si VPN.

Duka la Flashi: Bado nasubiri kuombwa radhi.

Kijana wa Chake: We Duka, hapo Mwanakwerekwe uko upande gani? Shemeji yangu anaitafuta ile tamthilia ya Kituruki, msimu wa pili.

Duka la Flashi: Nyuma ya soko. Aje baada ya Isha, na flashi yake.